Sigara ya umeme: kadi ndogo inayopima moto, na hatari isizoziona

Kadi ya elektroniki iliyo ndani ya sigara ya umeme inapima rezistansi, inachagua volti na inaweza kukata moto kabla ya ajali. Lakini haijui umetia betri gani, wala umemimina maji gani. Tunaeleza namna inavyofanya kazi, na fasi ambapo kazi yake inaishia.

Watu wengi wa miji yetu wanajua resho ya umeme: kitako cha udongo au cha bati, na ndani yake waya muembamba uliozungushwa mara nyingi. Waya ule tunauita rezistansi. Siku moja waya unakatika. Pesa ya kununua mwingine haipo. Unachukua koleo, unavuta ncha mbili, unazikunja pamoja na kurudisha sufuria juu ya moto. Maharagi yanaiva mbio kuliko jana, na nyumba nzima inafurahi. Kisha siku chache waya unakatika tena, ao disjonkteri inaruka na nyumba inabaki mu giza.

Ni nini kilifanyika? Ulipounganisha waya uliukata urefu. Waya mufupi unazuia umeme kidogo kuliko waya murefu. Kipimo cha namna waya unavyozuia umeme kinaitwa omu. Kwa umeme wa volti 220, resho yenye omu 48 inatoa karibu wati 1000. Ukiupunguzia waya sehemu moja kwa tano, omu zinashuka hadi 38 hivi, na resho inapanda hadi karibu wati 1250. Wewe hukuongeza kitu chochote, ulipunguza tu. Lakini moto uliongezeka, na ule waya hakuna aliyeutengeneza kwa kubeba moto kama huo.

Mutu aliyeelewa jambo hili jikoni ameelewa nusu ya siri ya sigara ya umeme, kile chombo kinachotoa muvuke na ambacho vijana wengi wanakipenda siku hizi. Nusu nyingine ni kadi ndogo ya elektroniki, ndogo kuliko kidole gumba, inayosimama kati ya betri na rezistansi. Wauzaji wanaisifu sana, na kwa kweli inafanya kazi kubwa. Lakini kuna mambo ambayo kadi haiyaoni, na ndiyo yanayochoma mikono na mapafu ya watu.

Resho ndogo ndani ya mufuko

Sigara ya umeme ya wakati wetu ilibuniwa na mufamasia mumoja wa China, Hon Lik, mwaka wa 2003. Tangu hapo umbo lake limebadilika mara nyingi, lakini ndani mna vitu vilevile vine: betri, rezistansi, pamba, na maji. Maji yale kwa kawaida ni propilini glikoli na gliserini, pamoja na harufu na, mara nyingi, nikotini. Pamba inanyonya maji na kuyaleta karibu na rezistansi. Rezistansi inapata moto, maji yanageuka muvuke, na mutu anavuta. Hakuna tumbaku inayoungua kama mu sigara ya kawaida.

Kwa hiyo chombo hiki ni resho ndogo sana. Tofauti ni kwamba resho ya jikoni ina omu nyingi na volti nyingi, lakini ile ya mufukoni ina omu kidogo sana, mara nyingi kati ya 0,1 na 1,5, na volti za betri moja ao mbili. Betri inayotumiwa sana mu vyombo vikubwa inaitwa 18650, sababu ina upana wa milimeta 18 na urefu wa milimeta 65. Watu wengi wanaijua tayari bila kujua jina lake: ndiyo betri inayokaa ndani ya tochi nyingi za kuchaji, na ndani ya kompyuta nyingi za zamani za kubeba.

Ikijaa, betri hiyo inatoa volti 4,2. Ukiendelea kuitumia inashuka polepole hadi 3,7, kisha 3,4, na karibu na 3 vyombo vingi vinaikatalia. Mwanzo huu ni muhimu, sababu kila volti inayoshuka inaondoka na moto wake.

Chombo kisichokuwa na akili

Kwanza tuangalie chombo ambacho hakina kadi. Ni bomba la chuma tu: betri ndani, kibonyezo chini, rezistansi juu. Ukibonyeza, umeme wote unaoweza kupita unapita. Wale waliosoma ufundi wa umeme kwenye shule ya sekondari wanaikumbuka hesabu: unachukua volti, unazizidisha kwa zenyewe, kisha unagawanya kwa omu. Jibu ni wati.

Kwa betri iliyojaa, rezistansi ya omu 1 inatoa karibu wati 18. Betri ikishuka hadi volti 3,4, rezistansi ileile inatoa karibu wati 11 na nusu. Asubuhi muvuke ni mwingi, magaribi ni kidogo. Ni sawa vile umeme wa muji unavyoshuka saa za jioni: resho ya wati 1000, ikipata volti 160 tu pahali pa 220, inabaki na karibu wati 530, na maharagi yanakawia kuiva.

Sasa badilisha rezistansi. Kwa omu 0,5, betri iliyojaa inatoa wati 35 na kubeba mukondo wa ampere 8,4. Kwa omu 0,2, ni wati 88 na ampere 21. Kwa omu 0,1, hesabu inafika wati 176 na ampere 42. Betri nyingi za ukubwa ule haziwezi kutoa ampere 42 bila kupata moto mubaya. Na ikiwa waya umegusa chuma na umeme unapita njia ya mukato, hakuna kitu cha kuuzuia isipokuwa betri yenyewe.

Mwezi wa 5 mwaka wa 2018, mu muji wa St. Petersburg, jimbo la Florida inchini Marekani, mwanaume mumoja aliuawa na sigara ya umeme iliyolipuka karibu na uso wake. Ilikuwa ya aina hii, ile isiyokuwa na kadi ya kuichunga. Vyombo vya namna hiyo vingali vinauzwa, na wenye kuvipenda wanasema mutu akijua hesabu hatapata shida. Lakini ni watu wangapi wanaopiga hesabu mbele ya kubonyeza?

Kadi inafanya kazi namna gani

Mu nyumba nyingi, mbele ya televisheni ao friji kuna stabilizateri. Umeme unaingia na volti 160 ao 250, stabilizateri inautengeneza, na friji inapata kiasi kinachohitaji. Kadi ya sigara ya umeme ni ndugu ya stabilizateri, lakini yenyewe inaenda mbali zaidi: haishiki volti tu, inashika wati.

Kazi yake ina hatua tatu. Ya kwanza ni kupima. Unapofunga rezistansi mupya, kadi inapitisha mukondo mudogo sana, usioweza kupasha moto, na kuangalia volti zinazobaki. Kwa hiyo inajua omu. Ndiyo sababu kwenye kioo chake unaona namba kama 0,40 ao 1,02 hata mbele ya kuvuta.

Hatua ya pili ni hesabu. Wewe umechagua wati, tuseme 15. Kadi inatafuta ni volti ngapi zitakazotoa wati 15 kwa rezistansi iliyo mbele yake. Kwa omu 1, inahitaji karibu volti 3,9. Kwa omu 0,5, volti 2,7 tu zinatosha. Kwa omu 1,5, inahitaji volti 4,7, yaani zaidi ya zile betri yenyewe iko nazo.

Hatua ya tatu ni kutengeneza volti hizo. Ili kushusha, kadi inatumia swichi za elektroniki zinazofunguka na kufungika maelfu mengi ya mara kila sekunde. Kadiri swichi inavyokaa wazi muda murefu, ndivyo umeme mwingi unavyofika. Ni kama mutu anayefungua na kufunga robine mbio sana: inje unaona maji yanayotiririka sawasawa, lakini kiasi chake kimepungua. Ili kupandisha juu ya volti za betri, kadi inaweka nguvu kidogo kidogo ndani ya waya uliozungushwa, kisha inaiachilia ikiwa na volti za juu. Si kila kadi inayoweza kupandisha. Zile rahisi zinashusha tu.

Wakati unavuta, kadi inarudia vipimo na hesabu tena na tena. Betri ikishuka, inarekebisha. Kwa sababu hiyo wati 15 za asubuhi ni wati 15 za magaribi, hadi betri inapokuwa tupu. Rezistansi ya omu 0,5 na ile ya omu 1,5 zinaweza kupata wati sawa kutoka chombo kimoja, jambo ambalo bomba lisilokuwa na kadi haliwezi kufanya.

Juu ya hayo kuna ulinzi. Omu zikiwa chini kupita mupaka wa kadi, mara nyingi karibu 0,1 ao chini kidogo, inakataa kuwasha. Ikiona mukato, inakata. Ukibonyeza muda murefu, kwa kawaida karibu sekunde 10, inazima. Kadi yenyewe ikipata moto sana, inapumzika. Hata zile ndogo za kutupa, zinazoitwa pufu, nyingi ziko na kadi rahisi inayosikia pumzi yako na kuwasha, ijapokuwa hazikupi nafasi ya kuchagua kitu.

Omu sawa, rezistansi mbili tofauti

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mutu anasikia kwamba kadi inapima rezistansi, anafikiri kwamba inajua rezistansi ile inahitaji moto gani. Haijui. Inajua omu tu.

Fikiria waya mbili. Mumoja ni muembamba na mufupi. Mwingine ni munene na murefu. Unene unapunguza omu, urefu unaziongeza, na mwisho wake waya zote mbili zinaweza kuwa na omu 0,4. Kwa kadi ni kitu kimoja. Lakini waya munene uko na chuma kingi cha kupasha moto na ngozi kubwa inayogusa pamba. Ule muembamba utakuwa mwekundu kwa wati ambazo munene hausikii hata kidogo. Ndiyo sababu pembeni ya rezistansi za dukani kunaandikwa mambo mawili: omu, na wati zinazofaa. Moja inaweza kuandikwa omu 0,4 na wati 20 hadi 25, nyingine omu 0,4 na wati 50 hadi 60. Namba ya wati ndiyo ya kuangalia mbele ya yote.

Mutu akiweka wati 55 kwenye ile ya kwanza, kadi itatii bila kuuliza. Maji yaliyo ndani ya pamba yataisha mbio kuliko pamba inavyoweza kunyonya mengine, na pamba yenyewe itaanza kuungua. Wavutaji wanaijua radha hiyo: kali, chungu, inayokwaruza koo. Si radha mbaya tu. Gliserini na propilini glikoli zikipata moto kupita kiasi zinavunjika na kutoa vitu vya sumu, kati yao formaldehidi na akroleini.

Mwezi wa 1 mwaka wa 2015, watafiti wa chuo kikuu cha Portland State University, inchini Marekani, waliandika mu gazeti la waganga New England Journal of Medicine kwamba kwa volti 3,3 hawakuona formaldehidi iliyofichwa mu muvuke wa chombo walichopima, lakini kwa volti 5 waliiona, tena kwa wingi. Watafiti wengine walijibu kwamba kwa volti 5 chombo kile kilikuwa kimeunguza maji, na hakuna mutu angevumilia kuvuta muvuke wa namna hiyo. Mabishano yalikuwa marefu. Lakini pande zote zinakutana kwa jambo moja: chombo kilekile na maji yaleyale vinatoa vitu tofauti kufuatana na moto uliochaguliwa. Na anayechagua si kadi, ni mutu.

Wakati kadi inapima joto

Watengenezaji waliona tatizo hilo. Mwaka wa 2014 kampuni Evolv ya Marekani ilitoa kadi iliyoitwa DNA 40, ambayo haikushika wati tu, bali pia joto la rezistansi. Tangu hapo kadi nyingi za China zinafanya vilevile.

Kadi hizo hazina kipimajoto. Zinatumia tabia ya chuma. Kuna chuma ambacho omu zake zinapanda kikipata moto. Nikeli ni mufano muzuri: waya wa nikeli wenye omu 0,10 ukiwa baridi unafika zaidi ya mara mbili ya hapo ukipata joto la digri 220. Chuma kisichoshika kutu kinapanda pia, lakini kidogo, karibu moja kwa tano kwa joto hilohilo. Kwa hiyo kadi inaangalia omu zinavyopanda, inahesabu joto, na kupunguza wati joto likifika mupaka uliowekwa. Pamba ikikauka, rezistansi inapata moto mbio, omu zinaruka, na kadi inapunguza mbele ya pamba kuungua. Waya wa kantali, unaotumiwa sana, hauna faida hapo, sababu omu zake hazibadiliki karibu hata kidogo.

Ni akili kubwa, lakini akili hiyo inaweza kudanganywa. Kadi inahitaji kuambiwa waya ni wa chuma gani. Ukiweka chuma kisichoshika kutu na kuiambia ni nikeli, itaona omu zimepanda kidogo na kufikiri kwamba joto bado liko chini, kumbe limepita. Itaendelea kuongeza moto. Tena inahitaji kujua omu za waya ukiwa baridi. Ukifunga rezistansi ingali na moto, kadi itachukua omu za moto kama vile ni za baridi, na hesabu yote itaharibika.

Uchafu pia unadanganya. Maji yakikauka kwenye sehemu ambapo rezistansi inagusa chombo, yanaongeza omu zisizokuwa za waya. Kwa rezistansi ya omu 0,15, uchafu wa omu 0,05 ni kosa la moja kwa tatu. Namba zikirukaruka kwenye kioo, dawa ya kwanza ni kitambaa kikavu, si duka.

Betri: fasi ya hatari kubwa

Kuna jambo moja linaloshangaza hata mafundi. Ndani ya chombo kisichokuwa na kadi, ampere zinazotoka mu betri zinategemea omu. Ndani ya chombo chenye kadi, hazitegemei tena omu. Zinategemea wati ulizochagua na volti zilizobaki mu betri.

Tuchukue wati 40, na tuseme kadi yenyewe inapoteza kumi kwa mia ya nguvu. Betri moja iliyojaa itatoa karibu ampere 10 na nusu. Betri hiyo ikishuka hadi volti 3,3, itatoa karibu ampere 13 na nusu. Yaani kadiri betri inavyochoka, ndivyo kadi inavyoikamua zaidi ili wati zibaki zilezile. Kwa wati 80 na betri moja iliyochoka, ni karibu ampere 27. Ndiyo sababu vyombo vikubwa vinabeba betri mbili: kila moja inabeba nusu ya muzigo.

Betri nzuri za 18650 zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zinaweza kutoa ampere 20 na zaidi bila shida. Lakini zile zinazotolewa ndani ya kompyuta iliyokufa zilitengenezwa kwa kukaa muda murefu na kutoa ampere kidogo. Kwa inje zinafanana. Kadi haiwezi kuzitofautisha. Itaomba ampere 20, na betri itajaribu kuzitoa huku ikipata moto ndani yake.

Na kuna maandishi ya uongo. Mu masoko mengi mutu atakuta betri ya 18650 iliyoandikwa 9900 mAh kwa bei ya chini. Betri za kweli za ukubwa huo, zile za kawaida, zinabeba kati ya 2000 na 3500 mAh hivi. Yule aliyedanganya juu ya namba hiyo atadanganya pia juu ya ampere. Onyo hili haliwahusu wavutaji tu, linamuhusu kila mwenye tochi ya kuchaji na kila fundi anayeunganisha betri kwa ajili ya taa za nyumba.

Betri hizi hazitoki mbali na sisi. Nyingi kati yazo zina kobalti pamoja na litiumu, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya ulimwengu inachimbwa inchini Congo, mu majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Jiwe linaondoka kwetu, linapita viwanda vya Asia, na kurudi mufukoni mwa kijana likiwa limefungwa ndani ya karatasi ya rangi. Inafaa tuwe watu wa kwanza kujua namna ya kulichunga. Karatasi ya betri ikipasuka, usiitumie. Usiweke betri wazi mufukoni pamoja na funguo ao pesa za chuma: hapo hakuna kadi ya kukata mukato, na betri inaweza kuwaka juu ya paja.

Maji, mapafu na watoto

Jambo la mwisho ambalo kadi haioni ni maji. Ingehesabu wati kwa usahihi wote, ingeshika joto digri kwa digri, bado haijui kilicho ndani ya pamba.

Wamarekani walijifunza hilo kwa machozi. Mwaka wa 2019 watu walianza kufika kwenye hospitali wakikosa pumzi. Hadi mwezi wa 2 mwaka wa 2020, zaidi ya watu 2800 walikuwa wamelazwa ao wamekufa, na waliokufa walikuwa 68. Uchunguzi ulionyesha hasa mafuta yanayoitwa asetati ya vitamini E, yaliyochanganywa mu maji ya bangi yaliyouzwa kwa njia za pembeni. Ubora wa kadi zao haukuwasaidia.

Nguvu ya chombo inaongeza pia nikotini. Wati nyingi zinageuza maji mengi kuwa muvuke, na nikotini inaingia pamoja nao. Maji makali yaliyotengenezwa kwa chombo kidogo, yakitiwa ndani ya chombo cha wati 60, yanaweza kumuletea mutu kizunguzungu na kutapika. Umoja wa Ulaya umeweka mupaka wa miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita. Chupa isiyoandikwa kitu haina mupaka unaojulikana.

Waganga hawako na sauti moja juu ya mutu muzima anayevuta tayari tumbaku. Uingereza, huduma ya afya ya serkali inamwambia kwamba chombo hiki kina hatari ndogo kuliko sigara na kinaweza kumusaidia kuiacha. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linaonya zaidi, na mwezi wa 12 mwaka wa 2023 liliomba serkali zichukue hatua za haraka ili kulinda watoto. Lakini juu ya kijana ambaye hajavuta kamwe, wote wanasema neno moja: asianze. Nikotini inafunga mutu, na ubongo wa kijana ungali unajengwa.

Serkali pia zinatembea. Jirani yetu Uganda ilikataza sigara za umeme kwa sheria yake ya 2015 juu ya tumbaku. Ubelgiji, fasi ambapo Wakongomani wengi wanaishi, ilikataza kuuza zile za kutupa kuanzia tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka wa 2025, na Uingereza ilifuata tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka uleule. Mutu anayemubebea ndugu yake zawadi ya namna hiyo afikiri mara mbili mbele ya kufunga valizi.

Mambo ya kushika

Kwa mutu muzima aliye tayari na chombo hiki, hesabu zote hapo juu zinabaki mambo machache ya mukononi. Soma wati zilizoandikwa kwenye rezistansi, kisha anza na ile ya chini. Loanisha pamba mupya na ungojee dakika chache mbele ya kuvuta mara ya kwanza. Ukisikia radha ya kuungua, acha, usiendelee kwa kusema itapita. Ukitumia ulinzi wa joto, iambie kadi ukweli juu ya chuma, na funga rezistansi ikiwa baridi. Nunua betri kwa mutu unayemujua, zitumie mbili mbili za umri mumoja, na usiziache zichajiwe usiku wakati wote wamelala. Chombo na chupa ya maji viwekwe mbali na watoto: nikotini ya kunywa inaweza kuua mutoto mudogo.

Kwa muzazi, swali la kumuuliza kijana si tu kama anavuta. Ni pia betri imetoka wapi, na maji yametoka wapi.

Yule mama wa resho hakuwa na kadi ya kumuambia kwamba waya umekuwa mufupi. Alikuwa na macho yake: rangi ya waya, harufu ya moto, mulio wa disjonkteri. Kijana wa leo ana kioo kinachomuonyesha omu, volti na wati hadi namba ya mwisho, na kwa sababu hiyo anafikiri kwamba kuna mutu anayemuchunga. Kioo kinamuonyesha umeme tu. Mengine angali anapashwa kuyaangalia mwenyewe.